Wiki Aliyoshinda Baba Yako

Ndeshi mwanangu,

Umetoka hapa saa mbili asubuhi kwenda Oldonyo Sambu kumuaga koko, bibi yako, nami nikakuambia nabaki kufua. Sijafua. Nguo ziko kwenye beseni tangu ulipotoka, na mimi nimekaa mezani na daftari lako la zamani la maandalio ya masomo, nimechana zile karatasi za katikati ambazo hukuziandika. Kalamu ni yako pia. Mwandiko tu ndio wangu, na huo unaujua. Niliishia darasa la saba, lakini kila asubuhi mwalimu alikuwa akiniita mbele niandike tarehe ubaoni, kwa sababu darasa zima hakukuwa na mwingine wa kuandika namba nane ikasimama kama yangu. Leo siandiki hivyo. Ukikuta herufi imelala, ujue mama yako hajazeeka, ni hali tu.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi unapanda basi kwenda Tunduru. Mwalimu wa serikali! Miaka mitano umesubiri ajira, ukifundisha watoto wa chekechea wa watu huko mjini kwa mshahara wa kununulia sabuni, na sasa jina limetoka. Kikwe nzima wanajua. Nimehakikisha wanajua. Hata yule dada wa duka la mbolea, ambaye hatusalimiani vizuri, nilimpitia makusudi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala chandarua, wala kugawa hela sehemu mbili za nguo. Hayo nimekwambia mpaka umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Nataka kukuambia jambo moja ambalo tumekuficha.

Kesho asubuhi, wakati basi lako linatoka stendi, baba yako anakatwa mguu. Wa kulia, chini ya goti. Alisaini jana jioni, wewe ulipokuwa umeshatoka wodini.

Nimeandika, na sasa nimenyanyuka nimekunywa maji, nimerudi.

Jana ulipokuwa unamuaga alijifunika blanketi mpaka kifuani, akakutania kwamba huko Tunduru utarudi na mkwe mkulima wa korosho. Ulicheka. Ulimwambia, "Baba, nikija likizo nakukuta unakimbia." Akasema, "Utanikuta Moshi, nimeshapita." Ulipotoka tu akageukia ukuta. Akiwa amegeuka hivyo hivyo akaniambia: "Mama Ndeshi, asijue mpaka afike aripoti. Akijua haendi, na siku za kuripoti zimebaki nne. Akizipoteza hizo, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mimi nitakuwa nimekatwa miguu miwili."

Nikamkubalia. Ndiyo maana naandika barua hii: niikunje, niifiche katikati ya kanga zako kwenye begi, uikute ukishafika na kusaini kwa mwalimu mkuu. Hivyo ndivyo tulivyopanga.

Lakini hujui mguu ule umefikaje pale. Unajua ni sukari, na unajua kuna kidonda. Mengine huyajui kwa sababu ulikuwa mjini, na ulipokuja Jumapili ulitukuta tunacheka. Kweli tulikuwa tunacheka. Usije ukadhani ulikuwa uongo.

Siku aliyoambiwa ana sukari, baba yako alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda cha nje mpaka kuku wakaingia bandani. Daktari alikuwa amemwambia mambo matatu: dawa kila siku, chakula kibadilike, mwili ufanye mazoezi. Mimi nikasikia hilo la katikati tu. Likaniingia kama tusi. Mimi chakula changu kibadilike? Mimi ambaye hakuna harusi Kikwe iliyopikwa bila watu kuuliza kwanza kama Mama Ndeshi yupo? Loshoro yangu, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, watu wanaifuata kutoka mjini Usa na vyombo mkononi. Nilimlisha mwanaume yule miaka thelathini nikajisifu kwa kitambi chake. Nilikuwa nikikipigapiga mbele ya watu nikisema, "Hiki ni cha kwangu, nimekijenga mwenyewe."

Wiki nzima hatukuongea vizuri. Kila sahani niliyoweka mezani aliiangalia kama imemtukana. Ni yeye aliyekuja na wazo. Alisema, "Mama Ndeshi, tukiacha vyote kwa mpigo tutashindwa Jumatano. Tuchukue kimoja tu, kila wiki kimoja, na tushindane mimi na wewe. Atakayeshindwa anaosha vyombo wiki nzima. Na ile hela ya kitu tulichoacha, tunaiweka."

Akatengeneza kibubu kule karakana kwake Daraja Mbili, kwa kipande cha mninga kilichobaki kwenye kabati la mteja. Unamjua alivyo, hawezi kutengeneza kitu kibaya hata cha kuficha chini ya kitanda. Alikipiga msasa mpaka kikateleza. Hakikuwa na mlango wala kufuli, tundu tu la juu. Akasema, "Hiki ni cha Ndeshi. Siku ajira yake ikitoka asianze maisha kwa kukopa."

Wiki ya kwanza ilikuwa sukari kwenye chai. Siku ya pili alikunywa chai amefumba macho kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Siku ya nne mimi nikaota nakula miwa. Tulishinda wote wawili, tukabishana Jumapili nzima nani ameshinda zaidi, mwishowe tukaosha vyombo pamoja, yeye anasuuza, mimi napanga. Miaka thelathini ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza kumwona baba yako na beseni la vyombo. Jirani akachungulia juu ya ua, akauliza, "Baba Ndeshi, mwenyeji wa hapo amesafiri?" Naye akajibu, "Mwenyeji ni mimi, nimepandishwa cheo."

Wiki ya pili ilikuwa soda na maandazi. Ya tatu ilikuwa chakula cha mchana: asile chipsi mayai za pale karakana, abebe cha nyumbani kwenye hotipoti. Mimi nikawa naamka kumpikia mboga za mnafu na ndizi za kuchemsha na maharage, na mafundi wenzake wakaanza kumwonea wivu, wakawa wanaonja, mpaka akaniambia niongeze. Ya nne tukalima bustani ile ya nyuma tukaacha kununua mboga. Ya tano ikawa mafuta, nikajifunza kupika na kijiko kimoja mahali nilipokuwa namimina. Mkanda wake ukarudi tundu mbili. Na hela ikawa inaingia kibubuni, kidogo kidogo, na kila inapoingia anakitikisa kwenye sikio langu: "Sikia mwalimu anavyotembea."

Ndeshi, sijawahi kuishi vizuri na baba yako kama miezi ile. Nakuapia.

Sasa nikwambie nilichokifanya ambacho hata yeye hajui. Ile wiki ya pili, ya soda, tulikwenda msibani, mimi na wanawake wenzangu. Jua kali, tumepika tangu alfajiri, wakagawa soda. Nikanywa. Sikunywa moja, nilikunywa mbili. Nikarudi nyumbani nikakaa kimya. Jumamosi yeye akakiri kwamba alikula andazi moja kwa mteja, alishindwa kukataa. Nikasema, "Ahaa! Umeshindwa!" Akaosha vyombo wiki nzima, na mimi nimekaa kwenye kiti nimeweka miguu juu ya ndoo, namtania. Mwanaume aliyesema kweli anaosha vyombo vya mwanamke aliyedanganya. Aliyeanza kuficha kwenye nyumba hii ni mimi. Nimekaa na hilo mwaka mzima na leo ndiyo mara ya kwanza linatoka.

Halafu kukaja mnada.

Wewe unajua mnada wetu baada ya ibada, watu wanavyosimama nje ya kanisa na ndizi na mayai na kuku, na Mzee Zakayo anavyonadi huku anachokoza kila mtu. Wiki ile ya sita nilikuwa na sukari kilo mbili kabatini, ya zamani, haina kazi. Nikaipeleka iwe sadaka. Ningeitoa kimya kimya ingekuwa sadaka kweli. Lakini Mzee Zakayo akaiinua juu akauliza, "Sukari hii ya nani? Kuna mtu ana sherehe?" Na mimi mdomo wangu unaujua.

Nikapita mbele. Nikasema, "Ni yangu mimi Mama Ndeshi. Nyumbani kwangu sukari imekosa kazi. Mume wangu wiki ya sita leo hajaonja, na hataonja tena. Mwangalieni mkanda wake!"

Watu wakamgeukia. Alikuwa amesimama na wanaume wenzake karibu na ngazi. Mzee Zakayo akasema, "Baba Ndeshi, kumbe umeachishwa ziwa na uzee huu!" Kicheko mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakatoka darasani. Kijana mmoja akauliza kwa nyuma, "Na akirudia, mama?" Nikamjibu kwa sauti ile yangu ya harusi: "Akirudia nitasimama hapa hapa niwatangazie!"

Sukari ikauzwa mara tatu ya bei ya dukani. Mchungaji akanishika mkono. Nilitembea kurudi nyumbani kama nimevishwa taji.

Tulipofika kwenye mfereji baba yako alisimama. Akasema, "Mama Ndeshi, sasa umenifunga."

"Nimekufunga nini? Nimekusifia."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Sikumuuliza ana maana gani. Mwanangu, nimeliwaza neno lile usiku mwingi hospitalini, nimekaa kwenye benchi, na sasa nalielewa vizuri sana. Kabla ya siku ile akishindwa alikuwa ananiambia, tunacheka, anaosha vyombo. Baada ya siku ile, kushindwa kwake kulikuwa na kanisa zima ndani yake.

Baada ya miezi kadhaa wakampima wakakuta sukari imeshuka. Muuguzi akamwambia, "Vizuri sana mzee, endelea hivi hivi na dawa zako." Alinisimulia akifika nyumbani, lakini alisimulia "endelea hivi hivi" akaishia hapo; hilo la dawa nimelijua wodini. Na wiki ile shindano letu lilikuwa kubana matumizi: kila mmoja atafute kitu kimoja cha kupunguza, bila kumwambia mwenzake, Ijumaa tuone nani ameweka zaidi. Mimi nikapunguza vocha na ile kanga niliyokuwa nalipia kidogo kidogo. Ijumaa naye akaweka. Akaweka nyingi, Ndeshi. Nikamuuliza, "Umezitoa wapi?" Akasema, "Siri ya ushindi haitolewi."

Nikaridhika. Jumanne yake, kwenye maombi ya wanawake, nikasimama nikashuhudia kwamba mume wangu amepona kwa chakula changu na pia ana akili ya hela. Nilisema amepona. Nani aliniambia amepona? Hakuna. Nilijisikia nalisema tu, na likanoga mdomoni, na wanawake wakapiga vigelegele.

Na mwezi uliofuata akaweka tena kiasi kile kile. Na uliofuata.

Kisha wiki ya kutembea. Hiyo niliichagua mimi. Bodaboda ya kutoka barabara kuu mpaka hapa tuliiacha, asubuhi na jioni tutembee. Kwangu ilikuwa rahisi, sina pa kwenda kila siku. Kwake ilikuwa kila siku ya kazi. Jumatatu ya wiki hiyo, karakana, amevaa ndala, akakanyaga ubao wenye msumari. Hakuusikia. Hebu fikiria, mwanangu, msumari umepita ndala ukaingia mguuni na mtu anaendelea kupiga randa. Aliona damu kwenye maranda ndipo akajua. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi siku nyingi na hakuniambia, maana mtu aliyepona hafi ganzi.

Akafunga kitambaa, akavaa buti, akatembea. Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi. Mimi nilikuwa namngoja getini na saa ya simu nione amechukua dakika ngapi. Alipopunguza dakika nilipiga makofi. Jumapili nilimpa mkono, nikasema, "Umeshinda, Baba Ndeshi, wiki hii ni yako." Nikaosha vyombo naimba.

Siku chache baadaye chumba kikaanza kunuka. Nikasema kuna panya amekufa. Nikahamisha kitanda. Nikatoa masanduku yote nje, nikamwaga maji ya dawa, nikamgombeza paka kwamba anakula panya nusu anaacha nusu. Siku mbili, Ndeshi. Siku mbili natafuta panya, na baba yako amekaa kitini na buti zake anaangalia ninavyopiga magoti kumulika uvunguni. Ya tatu ndiyo akasema, kwa sauti ndogo, "Acha kutafuta, mama. Panya ni mimi."

Nilipovuta soksi ilikuja na ngozi.

Nilimfokea. Sitakuficha, kabla sijalia nilimfokea. "Kwa nini hukuniambia?" Akasema, "Ungewaambia nini watu?" Nikasema, "Watu gani?" Akaniangalia tu. Alikuwa ananionea huruma, na yeye ndiye mwenye mguu ule.

Hospitalini daktari aliuliza mbele yangu, "Mzee, dawa mara ya mwisho umekunywa lini?" Hakumwangalia daktari, aliniangalia mimi. Akasema, "Miezi minne." Nikaruka juu nikasema haiwezekani, mume wangu kila mwezi anapitia duka la dawa. Akanishika mkono. "Mama Ndeshi, ziko kwenye kibubu."

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa.

Sasa unajua. Jina lako lilipotoka, yeye akiwa kitandani pale, alinituma nikivunje. Nilimwambia, Baba Ndeshi, hela hii iende kwenye matibabu. Akakataa, na nilipomwendea daktari kumuuliza kama hela inaweza kuokoa mguu, daktari akaniambia kwa upole kwamba mama, nyama iliyokufa hainunuliki. Nikakivunja kwa panga hapa hapa sakafuni. Godoro lililosimama mlangoni limetoka humo. Nauli yako, ndoo, jiko, kodi ya miezi mitatu ya chumba mpaka mshahara wako wa kwanza utoke. Ndani ya hela zile kuna vidonge vya miezi minne.

Sikuandikii ili ulichukie godoro. Lilalie. Alikipiga kibubu kile msasa akikuwaza wewe, na alichofanya alikifanya kwa kukupenda na kwa kuniogopa mimi, vyote viwili kwa pamoja, na siwezi kukutenganishia. Mboga hazikumdhuru. Kutembea hakukumdhuru. Hata kuweka akiba, wala. Kama ungetuona wiki ile ya kwanza, watu wazima wawili tunanusiana vikombe kuona nani ametia sukari, ungejua ni kitu kizuri. Na wewe siku moja utakaa na mtu. Shindaneni tu, ni raha. Ila akikuambia ameweka nyingi, muulize zimetoka wapi, na akitania, muulize tena. Mimi niliuliza mara moja, nikaona inatosha kwa sababu jibu lilinipendeza.

Na ukiwa na jambo zuri ndani ya nyumba, kaa nalo kidogo kabla hujalitoa nje. Najua unasema moyoni, mama anasema hivyo na ameshatangaza Tunduru mpaka duka la mbolea. Ni kweli. Nilitangaza na mume wangu yuko wodini. Nilihitaji kitu cha kujisifia, Ndeshi, nilikuwa nakufa. Huu ugonjwa wangu hauna kipimo wala kidonge.

Sijui nitafanya nini. Nakuambia wewe kwa sababu hakuna mwingine. Fundi seremala wa mguu mmoja anasimamaje kwenye meza ya randa? Ngazi ya kwetu anapanda vipi, choo cha nje anafikaje mvua ikinyesha? Jana usiku nilijaribu mwenyewe. Nilikunja mguu mmoja nikaruka kutoka mlangoni mpaka chooni nimeshika ukuta, nione. Nilianguka mara mbili. Nikakaa pale chini kwenye tope mama yako mzima, anayejisifu Kikwe yote, nikasema Mungu nichukulie wa kwangu, mimi napika nimekaa. Nikajiinua kwa kushika ukuta. Na daktari anasema hata hivyo wanaweza kukata na kidonda kikapanda tena. Wanaweza wakakata mara nyingine. Anaweza asiamke. Alilisema hilo haraka haraka kama mtu anayesoma masharti, lakini nililisikia.

Hapa ndipo nimesimamisha kalamu muda mrefu. Chai niliyojimiminia kutoka kwenye chupa imeota utando.

Nikikuambia leo, unabaki. Nakujua, umechukua moyo wa baba yako. Utabaki, siku nne zitapita, na nafasi uliyoisubiri miaka mitano itakwenda, na yeye ataamka hana mguu na hana mwalimu. Hatanisamehe. Nisipokuambia, utaikuta karatasi hii katikati ya kanga, Tunduru, siku mbili mbali, na labda wakati huo baba yako ni mzima anakula uji, na labda wakati huo mambo ni mengine. Utakumbuka nilivyokusindikiza stendi natabasamu. Utanipigia simu, na mimi nitapokea, na nitasema nini?

Na nimejiona, mwanangu. Nimekaa hapa na karatasi zako najipanga jinsi ya kukuficha vizuri, natafuta kanga ipi ya katikati, na nikaona ni mimi yule yule wa soda mbili za msibani. Namwamulia mtu mwingine, nanyamaza, halafu naita ushindi. Kesho ningewaambia wanawake: Ndeshi ameripoti salama. Wangepiga vigelegele.

Sasa hivi simu imeita. Ni wewe. "Shikamoo mama, niko Tengeru, ninunue nini?" Nimekwambia usinunue kitu, njoo moja kwa moja. Ukaniuliza, "Mama, mbona sauti?" Nikasema ni moshi wa jiko. Jiko halijawashwa. Huo ndio uongo wa mwisho, na nimeukiri kabla hujafika.

Barua hii haiingii kwenye begi. Nitakupa mkononi ukiingia getini, uisome umesimama. Mimi nataka uende. Baba yako anataka uende zaidi yangu. Lakini ukienda nenda unajua, na ukibaki nitasimama mimi mbele yake nimwambie nimevunja neno letu, anifokee mimi, ana haki hiyo. Unaweza kumuuliza mwenyewe ana kwa ana unachotaka kumuuliza, na yeye akakujibu bila blanketi. Siku za kuripoti bado hazijaisha. Labda kuna basi la keshokutwa. Labda hakuna. Sitakuamulia.

Muda wa kuona wagonjwa unaisha saa kumi na mbili. Nimeshavaa kitenge cha kutokea na nimemwita bodaboda, yuko nje. Usivue viatu, Ndeshi. Tukiondoka sasa hivi tutamkuta bado ana miguu miwili.

Mama yako